Kutembea Kwenda Wapi

Likizo hii niliporudi nyumbani kutoka chuo kikuu, mama alinipeleka kumwona mtoto wa jirani yetu hapa Kibokoni. Mtoto ana miaka kumi na mmoja. Aliugua homa ya viungo, ile inayopanda mpaka ikashika moyo, akalazwa hospitalini, akatoka, na daktari ameshampa ruhusa ya kuinuka. Nilimkuta kitandani amezungushiwa mito, mkononi ana kisahani cha halua.

"Yuwaendelea vyema," mamake aliniambia kwa furaha. "Hata ngazi hatumwachi ashuke."

Nikamuuliza mtoto miguu yake ina hali gani. Alimtazama mamake kwanza, kisha akajibu kwamba hajui.

Nilitoka pale nimekasirika, na hasira hiyo ndiyo inayoandika haya. Mimi niliugua ugonjwa huohuo. Udaktari siujui na sitajifanya naujua. Ninachokijua ni lile ambalo hakuna aliyenionya: kulala ukiwa mgonjwa ni jambo ambalo nyumba nzima itakusaidia, lakini siku ya kuinuka utajikuta peke yako.

Ilikuwa masika ya mwaka wa Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa mtoto wa mbio. Vichochoro vya Kibokoni nilivijua kwa nyayo: wapi kona ni kali, wapi maji ya dobi yanaleta utelezi, mlango gani unaweza kujibanza ukamwacha anayekufukuza apite. Katika kuruka kamba wenzangu walikuwa wakichoka kuzungusha kabla mimi sijachoka kuruka.

Kwanza nilishikwa na koo. Likapita, nikalisahau. Baada ya wiki kadhaa goti la kulia likavimba, likawa la moto. Likapoa, maumivu yakahamia goti la kushoto, kisha kifundo cha mguu, kisha kiwiko, kama mgeni anayezunguka nyumba akijaribu kila chumba. Nyanya, mama yake baba, alinikanda kwa mafuta ya simsim yaliyochemshwa na karafuu. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliniandikia kombe, aya za zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji, nikalinywa. Nilimuuliza kombe linajuaje kwamba leo liende kwenye kiwiko na si kwenye goti. Mama alinifinya paja, lile zima.

Usiku homa ikipanda, moyo ulikuwa ukipiga mpaka shuka inatikisika. Hapo baba, karani wa bandarini, mtu asiyesema sana, alikunja gazeti lake akasema, "Huyu ni wa hospitali."

Katika hospitali nakumbuka benchi kuliko madaktari. Lilikuwa benchi refu la mbao, lililong'arishwa na makalio ya watu wa kila kabila, na lilikuwa na sheria moja tu: usiondoke, ukiondoka umepoteza zamu yako. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka jua la adhuhuri linaingia ubarazani na kututafuta mmoja mmoja. Alikuwapo mama mmoja wa Kikamba, mumewe akifanya kazi ya reli, wakikaa Buxton. Alikuwa akija na mwanawe mwenye pumu. Alinipa kipande cha chungwa siku ya kwanza, na kila tulipokutana baadaye alinipa kingine bila kuniuliza kama nataka. Mama alikuwa akisema, "Mwambie ahsante," na mimi nilikuwa nimeshasema. Katika mwaka mzima ule, hakuna mtu aliyenitendea wema kwa urahisi kama yule.

Daktari alinisikiliza kifua, akasikiliza tena, akaita mwenzake asikilize. Kisha amri ikatoka: kulala. Si kulala usingizi, kulala tu. Nisisimame, nisikae muda mrefu, nisijichane nywele, nisijilishe. Nilipewa vidonge vingi hata masikio yakawa yanalia kama chenene, na sindano ya paja ambayo ilikuwa irudiwe kila mwezi. Tangu siku hiyo sikuhesabu miezi kwa majina yake. Nilisema: kabla ya sindano ya pili, baada ya sindano ya tatu.

Amri ile sikuipinga. Nilikuwa mgonjwa kweli, na nilikuwa naogopa. Lakini hakuna aliyemwambia mama amri ile itaisha vipi.

Niliporudishwa nyumbani niliwekwa ghorofani, katika chumba cha mbele. Upepo wa kusi ulikuwa umeshaanza na dirisha lilikuwa wazi mchana kutwa. Kutoka kitandani nilisikia kamba ikigonga chini kichochoroni, nikaweza kumjua anayeruka kwa mpigo wa miguu. Baada ya muda wakaacha kuniita kutoka chini. Sikuwalaumu. Mtu humwita anayeweza kujibu.

Mwili wangu ukaanza kufanya mambo yake bila kunishauri. Damu ya kwanza ilinijia nikiwa palepale kitandani. Nilidhani moyo umepasuka. Nyanya alicheka mpaka akajifuta machozi, akanifunga leso mpya, akasema, "Batuli, mwanangu, sasa u mwari." Mama hakucheka. Alifunga lile dirisha nusu.

Nikalishwa. Uji wa ngano kwa samli asubuhi, mayai, maziwa, supu ya kuku, halua ikiletwa na wageni. Uso ukajaa. Shingo ikapata mikunjo. Kwa kuwa sikuguswa na jua, rangi ikang'aa. Wageni walikuja kumwangalia mgonjwa wakaishia kumsifu.

"Mashallah! Ametononoka!"

"Utadhani bibi harusi amewekwa ndani."

"Maradhi haya na miye yanishike!"

Chini ya shuka ilikuwa hadithi nyingine. Mapaja yalikuwa yamelegea kama mito iliyotolewa pamba. Mashavu ya miguu hayakuwepo. Siku moja mama alipokuwa jikoni nilishusha miguu sakafuni nikajaribu kusimama. Magoti yalitetemeka, yakanirudisha kitandani kabla sijanyooka. Nililia, na nililia kwa hasira, kwa sababu hakuna kitu mwilini kilichokuwa kinauma tena.

Vuli ilipoanza, baada ya sindano ya sita kama sikosei, daktari alinisikiliza akatabasamu. Alikuwa Mhindi, mzaliwa wa hapahapa kisiwani, na Kiswahili chake kilikuwa chetu.

"Mama Batuli, moyo umetulia. Sasa mwinue. Wiki hii atembee chumbani, wiki ijayo ngazi, kisha nje. Kila siku atembee, na kila siku aongeze kidogo. Januari mrudishe shuleni."

"Inshallah," mama alisema.

"Si inshallah ya kukaa, mama. Inshallah ya kutembea."

Mama alicheka kwa adabu. Tukapanda teksi, tukafika nyumbani, nikarudishwa kitandani. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu niliuliza.

"Mama, daktari amesema nitembee."

"Amesema."

"Basi mbona niko hapa?"

"Yule daktari hakumwona Rukiya."

Rukiya alikuwa binti wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipata ugonjwa kama wangu miaka michache kabla, akapona, akarudi kuruka kamba, akaanguka akafa. Watu wa mtaa walikuwa na hakika kwamba ni kamba iliyomwua. Nilimuuliza mama kama Rukiya alikuwa akichomwa sindano kila mwezi. Hakujua. Nilimuuliza kama Rukiya aliwahi kupelekwa kwa daktari baada ya kupona. Hakujua. Nilimuuliza basi anajuaje kwamba ni kamba.

"Wewe una mdomo," mama alisema. "Mdomo haujaugua."

Nilikwenda kwa baba. Kwenda ni neno kubwa. Nilimngoja aje kuniangalia jioni, nikamweleza. Akafikiri.

"Chumbani, sawa," alisema. "Nje utembee kwenda wapi?"

"Popote. Daktari amesema kutembea tu."

"Mwanamwari hatembei tu, Batuli. Watu watauliza: yule yuwatoka wapi, yuwenda wapi? Tuwajibu nini?"

Hapo ndipo nilipofahamu nimenaswa wapi. Niliingia kitandani mtoto, na mtoto wa Kibokoni anaruhusiwa kukimbia bila sababu. Nilitoka kitandani mwari, na mwari hatoki bila mahali pa kwenda: harusini, matangani, kwa mgonjwa, kwa jamaa. Ugonjwa ulinifungia mlango mmoja, na wakati nimelala mila ikafunga wa pili. Kwa mlango wa kwanza daktari alikuwa na dawa. Kwa wa pili hata hakujua kwamba upo. Nilikuwa na watu wanaonipenda kila upande wa kitanda, na kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri ya kunikalisha.

Siku za Uhuru mji mzima ulitoka kutazama taa na bendera. Mimi nilibaki na mama, ambaye hata hivyo hakuwa mtu wa kutoka. Tulisikia ngoma. Nilizunguka chumba, kutoka kitanda mpaka kabati, kabati mpaka kitanda, yeye akinitazama kama mtu anayetazama mtungi ukingoni mwa meza. Januari ikafika, shule zikafunguliwa. Sare yangu ilikuwa hainiingii.

Aliyenitoa ni Nyanya, na hakunitoa kwa huruma peke yake. Nyanya alikuwa mwanamke wa mguu. Hapakuwa na matanga kisiwani asiyofika, akimjua marehemu au asimjue. Asubuhi moja ya kaskazi, joto limeshika, alisimama mlangoni mwa chumba changu amevaa buibui.

"Kuna maiti Mkanyageni," alimwambia mama. "Magoti yangu leo hayanisikizi. Nipa Batuli anishike mkono."

"Mama, Batuli mgonjwa."

"Na mimi mzee. Wewe wataka nianguke ndiani, watu waseme nina mkaza mwana gani?"

Nilivalishwa buibui, nikashuka ngazi kwa kukaa, kidato kwa kidato. Tulipotoka nje Nyanya aliniinamia akanong'ona, "Mimi magoti yangu yako salama. Egemea."

Tukaenda hivyo: watu wakaona binti anamshika bibi yake, wakanisifu kwa adabu zangu, na kumbe bibi ndiye aliyenibeba nusu. Kila pembe tulisimama. Nyanya alikuwa akijifanya anatafuta kiatu chake, au anamkumbuka mtu aliyewahi kukaa nyumba ile, ili mimi nipumue. Mwendo ambao zamani ningeumaliza kwa mbio moja ulinitoa jasho mpaka kwenye ndewe za masikio.

Basi dawa yangu ikawa matanga. Siku tatu kwa nyumba hii, kisha hitima, kisha nyumba nyingine. Mara nyingine kumwangalia mgonjwa, mara kumpongeza mzazi. Kilichonikera ni kwamba tukifika tulikaa mkekani saa nzima, miguu ikiganda tena, ndipo turudi. Nilimwambia Nyanya daktari hakuagiza kukaa matangani, aliagiza mwendo.

"Basi tafuta maiti za mbali," alijibu.

Nikawa namsikiliza kila anayepita na habari ya kifo, na swali langu la kwanza likawa nyumba iko wapi. Wiki ambayo hakufa mtu nilikasirika, kisha nikaona haya mbele ya Mungu, kisha nikakasirika tena. Tulifika Mwembe Tayari. Tulifika Ganjoni, kwa mtu ambaye mpaka leo sijui alikuwa nani wetu. Kufika mwisho wa kaskazi nilikuwa nashuka ngazi wima, bila kushika ukuta.

Lakini mkekani kuna macho. Bi Shufaa, mwanamke wa Kuze mwenye mwana wa kuoza, aliniona nimekaa kando ya Nyanya, uso mviringo, rangi ya ndani, kimya kwa uchovu. Alidhani ni haya. Baada ya wiki moja watu wake walikuja kwa baba kuniposa.

Nilisikia yote kutoka chumba cha pili. Mama alikuwa na sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu masika yaliyopita, sauti nyepesi. Wageni walipoondoka alimwambia baba, "Watu wema. Wana nyumba, wana watumishi. Atakaa, hatachoka. Shule itamwua, ngazi zile, jua lile. Kwao atapumzika."

Nilitoka. Nyanya alikuwepo, anatafuna tambuu.

"Mama," nilisema, "nina swali."

"Lini huna?"

"Moyo wangu hauwezi ngazi za shule?"

"Hauwezi."

"Hauwezi njia ya Ganjoni kwenda na kurudi?"

"Hauwezi, nimeshakwambia."

"Basi utaweza kubeba mimba?"

Baba alitazama sakafu. Nyanya aliacha kutafuna. Mambo hayo msichana hayasemi mbele ya babake, na nilijua. Lakini nikaendelea, kwa sababu kama ningenyamaza pale ningenyamaza maisha yangu yote.

"Kama mimi ni mgonjwa, waambieni wale watu kwamba mimi ni mgonjwa, muone kama watarudi. Na kama mimi ni mzima, nipeni viatu vyangu. Siwezi kuwa mgonjwa wa shule na mzima wa harusi."

Mama alinyanyua mkono, nikadhani atanipiga. Akajifunika uso kwa leso.

"Nilimwosha Rukiya kwa mikono hii," alisema ndani ya leso. "Unajua alikuwa mwepesi vipi?"

Sikujua. Hakuwahi kuniambia. Mwaka mzima nilikuwa nikimshinda kwa maswali, na hilo sikuwahi kumuuliza.

Kisha baba akasema, "Watu wa Bi Shufaa nitawaambia kweli. Na huyu, muhula ukifunguliwa, atembee mpaka shuleni tumwone. Akifika, atasoma. Akishindwa, asitusumbue tena."

"Nani atakwenda naye?" mama aliuliza.

"Mimi nina kazi. Mama yangu ana matanga. Nenda wewe."

Masika yalikuwa yameanza tena. Tulitoka asubuhi, njia zimelowa, mimi katika sare iliyofumuliwa na kushonwa upya, mama nyuma yangu hatua moja, mkono umetangulia kana kwamba nitaanguka wakati wowote. Tulipita Makadara, tukavuka barabara kubwa kati ya malori ya bandarini, tukashika njia ya Ganjoni. Tulipofika nusu, mapaja yaliwaka moto. Moyo ulipiga kwa nguvu, nikausikiliza kwa hofu: je, huu ni mpigo wa kuchoka au ni ule wa shuka kutikisika? Hakuna aliyekuwa amenifundisha kutofautisha. Nilipunguza mwendo, ukapungua. Nilipoongeza, ukaongezeka. Nikaelewa kwamba unanifuata mimi, kama unavyofuata moyo wa mtu yeyote.

"Tuite teksi," mama alisema kwa nyuma.

"Bado."

"Batuli, tuite teksi."

"Bado, mama."

Nikasikia hatua zake zinabaki nyuma, lakini sikugeuka. Niliogopa nikigeuka nitasimama, na nikisimama nitakaa.

Lango la shule lilikuwa wazi. Mwalimu mmoja aliyekuwa akinijua alinishika mabega, akaniangalia uso wote, akasema darasa langu limenitangulia lakini nianze kesho, nitalifuata. Nilishukuru. Nilimsimulia hili kila mtu baadaye, na kila mtu alidhani huo ndio mwisho wa habari. Bado nina sindano kila mwezi mpaka leo, na daktari akinisikiliza kifua bado huinua nyusi. Lakini kule chuo kikuu napanda ghorofa nne kwa miguu, polepole, na nikifika nafika. Wewe mwenye mtoto aliyelala na daktari ameshamruhusu, muulize daktari maswali yote uliyo nayo, rudi umuulize tena, kisha mpe mtoto mahali pa kwenda. Kama hapapo, pazue.

Siku ile langoni, nilipogeuka kumtafuta mama, nilimkuta amekaa kwenye ukuta mfupi wa lango. Kiatu kimoja amekivua. Buibui limemlowa mgongoni, kifua kinapanda na kushuka, midomo imekauka. Tangu aolewe alikuwa hajatembea mbali namna ile.

"Mama, waumwa?"

Aliinua kiganja nimngoje. Nikangoja. Wasichana wa shule walipita wakimwamkia, naye akawaitikia kwa kichwa kwa kuwa pumzi haikutosha maneno.

"Wamekupokea?" aliuliza mwishowe.

"Wamesema nianze kesho."

Alivaa kiatu. Akashika ukuta, akanyanyuka, akajaribu goti moja, kisha la pili.

"Basi kesho tutoke mapema zaidi," alisema, "nisije nikakuchelewesha."